Mashine itakayotaja bei ya umeme, na sisi ambao hatuko kwenye hesabu yake



Wiki mbili zilizopita mmoja wetu alileta kazi ya shule kwenye mkutano wa Jumamosi. Anasoma kozi ya kompyuta kwa simu, ya bure, usiku wakati bando iko rahisi. Zoezi alilopewa lilikuwa hivi: fundisha programu itaje bei ya umeme kwenye soko, ipate faida kubwa kuliko wauzaji wengine. Tulicheka sana. Mtu ambaye simu yake iko na asilimia saba anafundisha mashine kuuza umeme! Halafu kicheko kikaisha, sababu alianza kutueleza vile inafanyaga kazi, na tukabishana mpaka giza likaingia. Mwenzetu mmoja akasema haya ni mambo ya wazungu na mabenki, mkimbizi hayamhusu. Sisi wengine tunaona yanatuhusu, tena pengine yatatufikia mbele ya wengi. Ndo maana tumekaa tuandike.

Tuanze na hapa tulipo. Ukipanda kilima usiku na kuangalia chini, taa za Gisenyi na taa za Goma zinaonekana kama mji mmoja. Mpaka hauonekani kabisa. Mchana uko: foleni ya Petite Barrière, karatasi, mihuri, mama na kikapu chake kichwani wanaulizwa maswali. Umeme hauulizwi. Maji ya ziwa Kivu yanatokea upande wa kusini kwa mto Ruzizi, na pale kuna vituo vinavyolisha pande zote. Ruzizi I ni ya wakati wa Wabelgiji, 1958, megawati karibu 30. Ruzizi II ni ya 1989, karibu megawati 44, na mwenyewe ni SINELAC, kampuni ambayo Kongo, Rwanda na Burundi wanaimiliki pamoja. Ruzizi III imepangwa kuwa na megawati 206, ya nchi hizo hizo tatu. Serikali zinaweza kununiana miaka mingi lakini ule mtambo unaendelea kugawa mafungu matatu. Kuna wakati tunaona huo mtambo uko na akili kutushinda sisi watu.

Halafu kuna gesi ya ziwani. Wazee wa Gisenyi watakuambia hii siyo habari mpya: tangu 1963 gesi ya Kivu ilitolewa pale Rubona ikawasha majiko ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Leo kule Karongi kuna KivuWatt, megawati 26, inavuta maji kutoka kina cha mita karibu 350, inatenga metani, inaichoma kwenye mainjini. Ilianza kutoa umeme mwisho wa 2015. Na hapa hapa Rubavu kuna mradi wa Shema Power Lake Kivu, wenye mpango wa megawati 56. Tunawaambia haya ili mjue kwamba hatuishi mbali na hii maneno. Tunaishi juu yake.

Sasa, bei. Leo hii hapa Rwanda hakuna anayepiga mnada wa umeme kila saa. KivuWatt walisaini mkataba wa miaka 25. Umeme unanunuliwa kwa bei iliyokwisha kukubaliwa, na sisi walaji tunanunua Cash Power kwa bei ambayo RURA imeitangaza. Kwa mfano kwenye bei zilizotangazwa 2020, nyumba inayotumia kidogo ililipa franka 89 kwa kila kilowati-saa kwa zile 15 za kwanza za mwezi, kodi kando, na ukizidi hapo unapanda kwenye 212, halafu 249. Yule mama mwenye balbu mbili na redio alikuwa amewekewa ngazi yake ya chini. Mtu alikaa ofisini akamfikiria. Kumbukeni hiyo ngazi, tutairudilia.

Lakini waya zinakutana, na pale waya zinapokutana soko linafuata. Laini kubwa ya kutoka Ethiopia mpaka Kenya, kilometa 1,045, ilianza kupitisha umeme mwisho wa 2022. Kenya na Tanzania wakaunganishwa mwisho wa 2024. Rwanda nayo iko imeungwa na Uganda, na upande wa Rusumo inagawana megawati 80 na Tanzania na Burundi. Kuna umoja wa nchi zetu kwa ajili ya umeme, EAPP, ulioanzishwa 2005, makao yake Addis Ababa, na kazi yake moja ni kutayarisha soko ambapo leo unataja bei ya umeme wa kesho, saa kwa saa. Wenzetu wa kusini wamekwisha tangulia: umoja wao, SAPP, ulianza 1995, na soko lao la siku moja kabla lilifunguliwa Desemba 2009. SNEL ya Kongo ni mwanachama kule. Lakini msifikiri Goma inanunua kule: waya za Kivu hazijaungana na zile za Katanga. Kongo iko sokoni, sisi watu wa mashariki tuko nje ya uzio tunachungulia.

Soko lenyewe likoje? Tuchukue mfano wa kubuni, na namba ndogo. Saa moja ya jioni kesho watu watahitaji megawati 85. Kituo cha maji kinasema: niko na 60, nauza kwa 50. Kituo cha gesi: niko na 30, kwa 90. Kituo cha mazuti: niko na 20, kwa 200. Msimamizi wa soko anaanza na wa bei ya chini anapanda. Maji yote 60, halafu gesi 25, basi, imetosha. Na bei ya yule wa mwisho kuchukuliwa ndiyo inalipwa kwa wote. Kwa hiyo hata maji analipwa 90, ingawa aliomba 50. Wengi kwenye mkutano walipiga kelele hapa, eti huo ni wizi. Siyo wizi. Ni kama asubuhi pale ufukweni sambaza zinapofika: hakuna anayemuuliza mvuvi fulani alitumia petroli ngapi, bei ya asubuhi ni moja. Na iko na faida yake, kila kituo kinaona heri kusema gharama yake ya kweli, sababu ukidanganya juu unaweza kuachwa nje.

Isipokuwa uwe na vituo viwili.

Tuseme maji na gesi ni vya tajiri mmoja. Bila ujanja anauza megawati 85 kwa 90, anapata 7,650. Sasa anasema kituo chake cha gesi kimeharibika kidogo, leo kiko na 20 tu. Maji 60, gesi 20, bado 5 hazijapatikana, msimamizi analazimika kuita mazuti. Bei ya wote inakuwa 200. Tajiri ameuza kidogo, 80 tu, lakini anapata 16,000. Zaidi ya mara mbili, kwa kuuza pungufu! Tulipiga hiyo hesabu mara tatu kwenye karatasi sababu hakuna aliyeamini.

Na hii siyo hadithi ya kikundi. California, Marekani, mwaka 2000 na 2001, ndivyo ilivyokuwa. Soko lilikuwa limefunguliwa, sheria zilikuwa na mashimo, na wafanyabiashara wa kampuni ya Enron na wengine walitumia yale mashimo mpaka bei zikaruka na mitaa ikawa inazimwa kwa zamu. Mbinu zao walizipa majina ya mchezo, moja iliitwa Fat Boy, nyingine Death Star. Simu zao zilikuwa zimerekodiwa, na mwaka 2005 dunia ikawasikia wakimwomba mtu wa kituo atafute sababu yoyote ya kukizima. Enron yenyewe ilifilisika Desemba 2001. Angalieni kilichowakamata: sauti. Binadamu alipiga simu, akacheka, akaacha ushahidi.

Mashine haipigi simu. Na hapa ndo tunafika kwenye zoezi la ndugu yetu.

Programu za namna hii zinajifunza mambo mawili. La kwanza ni kubashiri. Unaipa miaka ya mvua, ya matumizi, ya bei, ya sikukuu, nayo inakuambia kesho saa moja jioni kutakuwa na kiu ya kiasi gani. Hapo hatuna ugomvi nayo. Kama inaweza kujua mapema kwamba kiangazi kitakausha mito, nchi ikanunua umeme wa maji wa Ethiopia badala ya kuchoma mazuti, sisi wote tunapona kidogo. La pili ni kuamua. Haifundishwi mbinu. Inaachiwa ijaribu: leo taja hivi, kesho vile, na kila ikipata faida inapewa alama, ikipata hasara inanyang'anywa. Mara elfu, mara elfu mia, kwenye soko la kuigiza ndani ya kompyuta. Inakuwa kama mtoto anayejifunza kuomba pipi: haelewi kwa nini, lakini anajua saa gani mama hawezi kukataa.

Kuna pahali ambapo hii imekuwa kazi ya kawaida. Australia ya Kusini, Desemba 2017, ilifunguliwa betri kubwa ya Tesla, megawati 100, pale Hornsdale. Kwenye soko lao bei inahesabiwa kila dakika tano, mchana na usiku. Binadamu gani atakaa macho kutaja bei kila dakika tano? Kwa hiyo Tesla wako na programu inaitwa Autobidder, yenyewe inaamua lini betri inunue umeme na lini iuze. Hatuoni ubaya hapo. Betri inanunua wakati umeme ni mwingi, inauza wakati watu wana shida, na ikiwa kuna wengi wanaoshindana bei inashuka jioni.

Shida ni pale wauzaji wako wachache. Na huku kwetu hawawezi kuwa wengi: ziwa ni moja, mto Ruzizi ni mmoja. Mwaka 2020 watafiti wanne wa uchumi, Calvano, Calzolari, Denicolò na Pastorello, walitoa kazi yao kwenye jarida kubwa la Wamarekani. Haikuwa ya umeme, ilikuwa soko la kuigiza la bidhaa yoyote. Waliweka programu zinazojifunza zishindane kwa bei. Hazikuambiwa zipatane. Hazikuwa na njia ya kuzungumza. Baada ya kujaribu mara nyingi sana zikajikuta zote zinauza bei ya juu kuliko ya ushindani, na mmoja akishusha wengine wanamwadhibu kwa muda, halafu wote wanarudi juu taratibu. Yani njama bila wala njama. Utamshtaki nani? Sheria ya mashindano inatafuta mkutano, barua, simu. Hapo hakuna kitu.

Ndugu yetu aliiachia programu yake usiku mzima kwenye kompyuta moja ya zamani ya chumba cha vijana. Alikuwa ameipa vituo viwili kama yule tajiri wetu. Asubuhi alikuta imejifunza kuficha sehemu ya gesi saa za jioni. Hakuiambia. Hata neno kuficha halimo mle ndani, kuna namba tu. Mwalimu wa kozi alimpa alama nzuri.

Hiyo ni nusu ya mambo yetu. Nusu nyingine, ambayo kwetu ni nzito kuliko hiyo, ni daftari.

Sisi tunasaidia kwenye meza ya kuchaji simu hapa kambini. Kuna mbao za jua, kuna betri, kuna waya nyingi zilizofungwa na gundi. Kwa muda mrefu tuliandika kwenye daftari kila aliyechaji: namba, saa ya kuleta, saa ya kuchukua. Ukifika msimu wa mvua jua linapungua, betri inalala mapema, na ikifika saa nane mchana tunaanza kurudisha watu. Samahani mama, kesho. Samahani mzee, kesho. Hao wa kurudishwa hatukuwaandika, sababu hawakuchaji. Nani anaandika mtu ambaye hukumfanyia kitu?

Sasa siku moja alikuja mgeni wa ofisi fulani, mtu mzuri tu, akaomba daftari akapiga picha kurasa zote. Baada ya wiki kadhaa likarudi jibu kwamba mahitaji ya kuchaji yameshuka, na saa za meza zikapunguzwa. Tulikasirika sana. Tulisema hawa watu hawana macho, foleni hawaioni? Lakini tulipokaa na daftari lenyewe tukaona kwamba yule mgeni alisoma sawasawa. Sisi ndo tuliandika vibaya. Namba zilishuka kweli. Giza letu lilikuwa limeandikwa kama watu hawataki.

Mnaona tunakwenda wapi. Mashine ya kutaja bei inajifunza kutoka kwa madaftari kama hilo letu, ila makubwa. Mita ya mtaa inapozimwa inaandika sifuri. Inasoma Goma ya mwisho wa Januari 2025, wakati vita vilipoingia mjini na watu wakakaa siku nyingi bila kuran wala maji ya bomba, na inaona matumizi yameporomoka. Kwake ni soko limepoa. Kwetu ni mama zetu wakichota maji ya ziwa na madumu, na sisi wenyewe tukivuka na godoro. Inasoma Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22, mji unahama kwa miguu kuja Gisenyi na Sake, na inaona siku chache za ajabu ambazo mtaalamu pengine atazifuta ili zisiharibu ubashiri. Sisi tuko ndani ya hizo siku za kufutwa.

Mtu atasema, lakini wataalamu wanapima kukatika kwa umeme. Ni kweli, wanapima. Ziko namba za kimataifa zinazosema mteja mmoja kwa wastani alikatiwa saa ngapi kwa mwaka na mara ngapi. Lakini angalieni hilo neno mteja. Asiye na mita hakatiwi. Kaya ya kambini inayopika kwa makala na kuangaza kwa tochi ya simu haijawahi kukatiwa umeme hata dakika moja, kwa hiyo kwenye ile hesabu iko sawa kabisa, haina shida! Programu ikishinda soko kwa kuficha megawati tano jioni, na nchi ikalazimika kununua ghali, serikali italinda kwanza nani? Itawalinda waliounganishwa, wanaopiga simu kulalamika, na ni haki yao. Pesa ya kuvuta laini mpya kuelekea pahali kama petu ndiyo itasubiri. Hakuna atakayesema hapana. Watasema mwaka kesho. Na ile ngazi ya chini ya yule mama mwenye balbu mbili, tuliyosema tutairudilia, nayo inalipwa na mtu: bei ya jumla ikiruka, kuna anayeziba pengo, au ngazi inapandishwa.

Kuna jambo lingine la karibu yetu ambalo watu wa kikundi hawakubaliani nalo, tuliseme wazi. Upande wa pili wa mpaka, Hifadhi ya Virunga imejenga vituo vya maji. Matebe ilianza Desemba 2015, na Goma ilipata kuran nzuri kwa sababu yake, viwanda vidogo vikafunguka, tumeona kwa macho. Kwenye kituo kingine, Luviro, tangu 2020 wanatumia umeme kuchimba bitcoin, yani makompyuta yanakokotoa usiku kucha na kulipwa pesa ya intaneti. Baadhi yetu wanasema ni vibaya, kijiji kiko gizani na mashine inakula. Wengine wanasema waya wa kufika kijijini haukuwepo bado, maji yangepita bure, na wakati watalii waliacha kuja ile pesa ililipa mishahara ya walinzi. Sisi tunaoandika tuko katikati, ila tunaogopa kitu kimoja: mashine inayonunua haichoki na haina msimu. Huko Texas kampuni ya bitcoin, Riot, Agosti 2023 ilipata dola milioni 31.7 za nafuu kwa ajili ya kupunguza na kuzima mashine zake wakati wa joto kali. Ililipwa kwa kutokutumia! Sisi tungelipwa kwa kutokutumia tungekuwa matajiri wakubwa wa Afrika. Siku ikifika ambapo mashine inataja bei ya kuuza na mashine nyingine inataja bei ya kununua, yule anayetaka nusu kilowati kwa ajili ya mashine ya mvuke ya mtoto mwenye pumu ataongea saa ngapi?

Hatusemi soko lizuiwe. Wenzetu wengine walitaka tuandike hivyo na tulikataa. Nchi ndogo isiyo na soko inabaki na mikataba ya miaka 25, na mkataba mbaya unakaa mpaka watoto wako wanaoa. Wala hatusemi mashine ifukuzwe, haitafukuzika. Tunachosema ni kwamba sheria zitangulie. Bei iwe na dari, kama masoko mengi yalivyo nayo, ili hata mashine ikigundua saa mbaya kuliko zote kuna pahali inagonga kichwa. Bei zilizotajwa na kila kituo zitangazwe: Australia wanazitoa hadharani siku inayofuata, na ndiyo njia watu wa nje wanaweza kuona kwamba kituo fulani kinaharibika kila Jumatatu jioni kwa bahati mbaya ya ajabu. Kwenye kutangaza kuna ubaya wake pia, tumelijadili, sababu hata programu ya mshindani inasoma na inajifunza kupatana haraka. Sisi bado tunachagua kutangaza. Kwenye giza anayefaidika ni mwenye taa. Na anayesimamia soko awe na programu yake mwenyewe ya kuigiza, ajaribu kucheza kama tajiri kabla tajiri hajacheza.

Nyinyi wa mashirika, ombi letu kwenu ni dogo na halihitaji mfadhili mpya. Mnapokuja kuhesabu mahitaji ya nishati, msihesabu tu taa zilizogawiwa na simu zilizochajiwa. Ulizeni waliorudishwa. Ulizeni nani aliacha cherehani kwa sababu ya kuran, nani alizima redio ili abakize asilimia ya kupigia simu nyumbani. Namba hizo zipelekwe kwa wanaopanga laini, REG na wilaya, siyo zikae kwenye ripoti ya kambi peke yake. Mashine itakuja kuzikuta ama haitazikuta.

Nyinyi vijana wenzetu, msikimbie hesabu. Yule ndugu yetu alimaliza sekondari kama sisi, hana diploma, na usiku mmoja aliona kitu ambacho kiliwapita watu wa California mpaka taa zikazimika. Kozi ziko, nyingine ni za bure, shida ni bando na chaji, tunajua. Wale wanaohamishiwa Mahama mwezi huu, msiache kusoma sababu mmehama. Tutumieni namba zenu mpya tuendelee.

Daftari tumelibadilisha. Sasa liko na safu mbili, kushoto waliochaji, kulia waliorudishwa na sababu waliyokuja nayo. Mwanzoni watu waliona aibu kuandikwa kulia, mzee mmoja alituuliza kama ni orodha ya wakorofi. Tukamweleza. Jumamosi iliyopita safu ya kulia ilijaa mbele ya ile ya kushoto, na yule mzee ndiye aliyetuletea bic nyingine yetu ilipokauka.